Nafasi Tupu Iliyo Mkiani: Kuongeza Chumba cha Mizigo kwenye Ndege ya Kujiundia

Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya mafundi, marubani na vijana wa vyuo vya ufundi. Inachapishwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mlioketi mbele, mafundi wenzangu, marubani, vijana wa vyuo vya ufundi mliokuja kutoka Muheza, Korogwe, Pangani na hapa Tanga mjini, mabibi na mabwana. Itifaki ikiwa imezingatiwa, nianze kwa kuwashukuru kwa mwaliko huu. Mmenitaka nizungumze juu ya namna ya kuongeza nafasi ya mizigo kwenye ndege ya kujiundia, yaani ile ndege ambayo mwenyewe hununua michoro au vipande, akakata bati, akatoboa, akapiga ribiti na kuiunganisha kwa mikono yake, karakanani au uani kwake. Mada hii nimeipokea kwa furaha, kwa sababu katika maswali ninayoulizwa na wanaojenga, ni machache yanayorudi mara nyingi kama hili, na ni machache ambayo jibu lake la haraka lina hatari kama hili.

Kwa nini linarudi? Kwa sababu ndege hizi ni ndogo. Chukueni RV-7, ndege ya watu wawili kutoka kampuni aliyoianzisha Richard VanGrunsven huko Oregon, Marekani, ambayo ndege zake zimejengwa na watu wengi mno duniani. Chumba chake cha mizigo, nyuma ya viti, kimeruhusiwa kilo 45 tu. Gawanyeni kilo hizo kwa watu wawili, kisha ondoeni kisanduku cha vifaa, maji ya kunywa, kifuniko cha ndege na kamba za kuifungia chini. Anayetaka kuruka kutoka Tanga kwenda kukaa siku chache Mafia, au kumpelekea mama yake zawadi Arusha, atabaki na nini? Hamu ya kupata nafasi zaidi ni halali kabisa, na sikuja hapa kumkataza mtu asiitamani.

Sasa mjenzi huyu anafanya nini? Anachukua tochi, anainama nyuma ya viti, anamulika ndani. Anaona ukuta mwembamba wa bati, na nyuma ya ukuta huo anaona uwazi mrefu unaokwenda ukipungua hadi mkiani, hauna kitu ila kebo au fito za kuongozea mkia. Anajiuliza: nafasi yote hii imeachwa ya nini? Kwa nini nisiuondoe ukuta huu, nikaweka rafu, nikapata nafasi mara mbili ya niliyo nayo?

Ndugu zangu, nafasi ile haikusahauliwa. Mbunifu aliiona kabla yetu, akaipigia hesabu, akaiacha tupu kwa makusudi. Nafasi si ruhusa ya uzito. Narudia, kwa sababu yote nitakayosema leo yanasimama juu ya hilo: nafasi si ruhusa ya uzito. Kinachoamua si ukubwa wa chumba cha mizigo. Kinachoamua ni mahali chumba hicho kilipo.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili kama geni. Nahodha anayepakia jahazi hapa Tanga au kule Pangani, awe amebeba boriti, nazi au magunia, hapangi shehena kwa kufuata palipo wazi. Shehena nzito huiweka ngamani, katikati na chini, na akiwa hana shehena hutia farumi ili chombo kikae majini kinavyostahili. Akiilemeza tezi, yaani nyuma ya chombo, omo ya mbele huinuka, chombo hakisikii tena usukani wala hakipindui vizuri upepo unapobadilika. Wazee walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndege nayo marejeo yake ni ngamani, isipokuwa kwamba nahodha aliyekosea ana muda wa kuteremsha tanga na kuhamisha magunia, na rubani hana muda huo.

Chukueni kalamu tufanye hesabu moja pamoja. Ndege yetu ya mfano, isiyo na mtu wala mafuta, ina kilo 500, na kitovu chake cha uzito, yaani mahali ambapo ndege nzima ingesawazika kama ingeegemezwa hapo, kipo mita 2.00 nyuma ya mahali tunapoanzia kupima, kule mbele kwenye pua. Mbunifu ameagiza kwamba kitovu kisitoke kati ya mita 2.00 na mita 2.20, na uzito wote usizidi kilo 820. Tazameni upana wa ruhusa hiyo: sentimita 20, katika ndege yenye urefu wa mita 6 na zaidi. Watu wawili wana kilo 160 na wameketi kwenye mita 2.50. Mafuta ni kilo 100, nayo yapo mabawani, kwenye mita 2.00. Mizigo ni kilo 40, kwenye mita 3.20. Kila uzito tunauzidisha kwa umbali wake, tunajumlisha, kisha tunagawanya kwa uzito wote. Jumla ni 1,728. Tukigawanya kwa kilo 800 tunapata mita 2.16. Ndege hii ipo ndani ya mpaka, na hata mafuta yakibaki kilo 15 tu, kitovu kitafika mita 2.18, bado ndani.

Sasa mjenzi wetu ameondoa ule ukuta, ameweka rafu kwenye mita 3.90, na juu yake ameweka kilo 20 tu. Mablanketi, hema, mabegi mawili laini. Uzito wote ni kilo 820, haujapita. Kitovu kinasomeka mita 2.202, yaani milimita 2 nje ya mpaka, na mjenzi anajiambia kwamba milimita 2 si kitu. Anaruka. Njiani injini inatumia kilo 85 za mafuta, na mafuta hayo yalikuwa mbele ya kitovu, kwa hiyo kila lita inayoungua inakirudisha kitovu nyuma. Anapokaribia kutua, uzito ni kilo 735 na kitovu kipo mita 2.226. Ameruka akiwa amegusa mpaka, anatua akiwa ameuvuka kwa zaidi ya sentimita 2 na nusu, na anauvuka wakati ndege ina mwendo mdogo, ipo karibu na ardhi, na yeye mwenyewe amechoka.

Je, kilo zilezile 20 zingewekwa mbele, kati ya injini na miguu ya rubani, kwenye mita 1.40? Kitovu kingekuwa mita 2.14 wakati wa kuruka na mita 2.16 wakati wa kutua. Kilo zilezile, watu walewale, mafuta yaleyale. Kilichobadilika ni mahali.

Na mtu aliyeuvuka mpaka wa nyuma anapatwa na nini hasa? Mkia wa ndege ya kawaida husukuma chini ili kuishikilia pua isianguke, na kazi yake ya pili ni kuirudisha ndege katika mkao wake kila upepo unapoipindua. Kitovu kikirudi nyuma, mkia unapoteza urefu wa kufanyia kazi hiyo. Fimbo ya kuongozea inakuwa nyepesi mkononi, pua ikiinuliwa na upepo hairudi yenyewe, na rubani anabaki kuikimbiza ndege badala ya kuiongoza. Jambo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanzoni ndege huonekana imekuwa nzuri: mkia unasukuma chini kwa nguvu ndogo, ukinzani wa hewa unapungua, mwendo unaongezeka kidogo. Rubani anatua akiwa amefurahi, na safari inayofuata anaongeza begi. Siku ambayo mwendo utapungua mno hadi mabawa yaache kuibeba ndege, pua iliyotakiwa kuanguka yenyewe ili mwendo urudi haitaanguka. Ndege ikiingia katika kuporomoka kwa kuzunguka, itazunguka ikiwa bapa, na bapa la mkiani huenda lisiwe na nguvu ya kuitoa humo.

Mtu atasema hayo ni ya ndege za watu wasio na uzoefu. Si kweli. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900D iliruka ikiwa na watu 21. Marubani walikuwa na leseni, ndege ilikuwa ya kiwandani, karatasi za uzito zilikuwa zimejazwa. Lakini karatasi hizo zilitumia uzito wa wastani kwa kila abiria na kila begi, na wastani huo ulikuwa chini ya uzito halisi wa watu. Kitovu kilikuwa nyuma ya mpaka na hakuna aliyejua. Wakati huohuo, kebo za bapa la kuinulia na kushushia pua zilikuwa zimerekebishwa vibaya kwenye matengenezo yaliyotangulia, na uwezo wa kuishusha pua ulikuwa umepungua. Ndege ilikuwa imeruka safari kadhaa katika hali hiyo bila shida, kwa sababu haikuwa imebeba mzigo mzito nyuma. Siku hiyo ilibeba. Pua ilipanda, marubani walisukuma fimbo hadi mwisho, haikushuka. Wote 21 walikufa. Baada ya hapo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza abiria wapimwe, na viwango vya wastani vikapandishwa.

Mnaona fundisho lililomo? Makosa mawili, kila moja dogo kiasi cha kuvumilika likiwa peke yake, yalikutana. Ninyi mnaojenga nyumbani ndio mnaorekebisha kebo, na ninyi ndio mnaopakia mabegi, kwa hiyo makosa yote mawili yanaweza kutoka katika mkono mmoja. Pimeni kwa mizani. Msikadirie uzito wa begi kwa kuliinua, msimuulize rafiki yenu ana kilo ngapi na kuliandika jibu lake bila kumpima, na baada ya mabadiliko yoyote rudisheni ndege nzima kwenye mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ikiwa imenyooshwa katika mkao wake wa angani. Rafu, zulia, rangi na mlango mpya vyote vina uzito, na vyote vimekaa mahali fulani.

Basi nafasi itafutwe wapi? Wabunifu wazuri wametuonyesha, na napenda tuwasome kwa kazi zao. RV-4, ndege ya VanGrunsven ambayo abiria huketi nyuma ya rubani, huweka mizigo nyuma ya abiria. Karibu kila kinachoongezwa ndani yake kinaangukia nyuma. Alipoleta RV-8 miaka ya 1990, yenye viti vilevile vya kufuatana, aliweka chumba cha pili cha mizigo mbele, kati ya ukuta wa injini na meza ya vipimo. Anayeruka na abiria huanza kwa kujaza kile cha mbele. Chris Heintz naye, katika Zodiac CH 601, aliruhusu visanduku vya mizigo ndani ya mabawa, karibu na kitovu, ambako kilo chache hazikisogezi sana kitovu mbele wala nyuma. Wajenzi wa Long-EZ ya Burt Rutan, ndege yenye injini nyuma na nafasi finyu ajabu, hutumia vijumba vilivyo pembeni mwa kiti cha abiria, kwenye mizizi ya mabawa. Watu watatu, ndege tatu zisizofanana, na wote wameikimbia nafasi tupu ya nyuma. Mkirudi karakanani, tafuteni kwanza chini ya mapaja, pembeni mwa viti, mbele ya miguu, ndani ya bawa kama mbunifu anaruhusu. Lita tano tano zilizotawanyika karibu na kitovu zina faida kuliko pango moja kubwa mkiani. Na kama mbunifu wa ndege yenu bado yupo na kampuni yake inajibu barua, mwandikieni. Nashangaa ni wangapi hawamwandikii.

Lipo jambo la pili, nalo ni bati lenyewe. Ndege nyingi hizi za aluminiamu hazina kiunzi kinachobeba kila kitu na bati lililofunikwa juu kama pazia. Bati ndilo linalobeba. Mkia unapopindwa na upepo, msokoto huo unasafiri kwenye ngozi hadi kufika mabawani, na zile kuta nyembamba za ndani ndizo zinazoifanya ngozi isijikunje. Anayekata mlango wa mizigo ubavuni, au anayetoa ukuta ili apate rafu, amekata njia ambayo nguvu ilikuwa inapita.

Mnaikumbuka Comet? Tarehe 2 Mei 1952 ndege hiyo ya Waingereza ilianza safari za kwanza za abiria za ndege ya jeti duniani, London hadi Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, jirani zetu hapa. Dunia nzima iliistaajabia. Tarehe 10 Januari 1954 moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo nyingine ilipasuka karibu na Naples, watu 21 wakafa. Wataalamu wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, wakachukua mwili mzima wa Comet, wakautumbukiza katika tangi kubwa la maji na kuujaza na kuupunguza shinikizo tena na tena, wakiiga safari baada ya safari, hadi ukapasuka. Ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa katika ngozi. Mabaki yaliyotolewa baharini nayo yakaonyesha ufa ulioanzia kwenye tundu lililokuwa juu ya paa.

Najua ndege zenu hazijazwi hewa. Kanuni ya tundu, hata hivyo, ni ileile. Bati pana linalovutwa, likitobolewa tundu dogo la duara, hubeba kando ya tundu hilo nguvu hadi mara 3 ya ile inayopita mahali pengine. Tundu likiwa na pembe kali, huzidi hapo. Kwa hiyo anayelazimika kukata mlango azungushe pembe kwa ukarimu, azilaini kingo hadi kucha isikwame, aweke bati la kuongezea nguvu kuzunguka tundu lote, na ribiti zake zisikae karibu na ukingo kuliko kipimo cha mara mbili ya kipenyo cha ribiti, kikipimwa kutoka katikati ya tundu lake. Zaidi ya hayo, mtu mwenye elimu ya miundo aitazame hesabu kabla drili haijagusa bati. Kumwomba mtu aikague kazi yako ni heshima kwa kazi hiyo.

Sakafu ya chumba cha mizigo nayo iangalieni kwa jicho hilohilo. Begi la kilo 30 halibaki kilo 30. Ndege ya daraja la kawaida hubuniwa kuvumilia mara 3.8 ya uzito wake kabla haijaanza kupinda, na juu ya hapo huongezwa nusu nyingine ya tahadhari, ikawa mara 5.7. Kwa hiyo sakafu yenu chini ya begi hilo iwe na uwezo wa kilo 171. Kilo 171 ndani ya upepo mkali, juu ya bati ambalo huenda lilikusudiwa kufunika kebo tu.

Na ndege ikigonga? Kanuni za Marekani za ndege ndogo za kiwandani zilitaka viti na mikanda imshikilie mtu dhidi ya mara 9 ya uzito wake kuelekea mbele. Tumieni angalau kipimo hicho kwa mizigo: begi la kilo 30 linataka kwenda mbele kwa nguvu ya kilo 270, na mbele yake kuna shingo ya rubani. Naomba mwaka huu asiwepo hata mmoja wenu anayefunga mizigo kwa mpira wa baiskeli. Pete za kufungia zishikwe na mihimili, si na bati tupu. Wavu uwe wa mikanda iliyoshonwa. Na kati ya mizigo na kebo za mkia pawe na kizuizi kigumu ambacho hata mkoba ukianguka na kusukumwa hauwezi kukipita.

Tarehe 29 Aprili 2013, ndege kubwa ya mizigo, Boeing 747-400, iliruka kutoka Bagram, Afghanistan, ikiwa imebeba magari matano ya kivita yenye deraya. Mara tu ilipoinua pua, angalau gari moja lilikatika vifungo vyake likaelekea nyuma. Picha za video za ndege ile ikisimama wima angani na kuanguka zimesambaa duniani kote, na wengi wanaozitazama hudhani kwamba iliangushwa na kitovu cha uzito pekee. Uchunguzi wa Marekani ulieleza jambo jingine: gari lile lilipofika nyuma liliharibu mabomba ya haidroliki na mtambo wa kuendeshea mkia. Marubani hawakubaki na kitu cha kuongozea. Watu wote 7 waliokuwamo walikufa. Katika ndege yenu ndogo mtambo huo ni kebo au fito moja, na umbali kati yake na begi lililolegea huenda ni sentimita chache.

Jambo jingine ni mkono wa rubani. Kila badiliko tunalolifanya linabadilisha pia kazi ya mtu anayeendesha, na hilo wajenzi hulisahau kwa sababu wao huitazama ndege ikiwa imesimama. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alianguka baharini huko Monterey, California, akiwa peke yake ndani ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua muda mfupi tu uliopita. Aliyeijenga ndege ile aliihamisha swichi ya kuchagua tangi la mafuta kutoka mahali palipoonyeshwa na michoro, mbele ya rubani, akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Alikuwa na sababu yake: hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani, na sababu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini rubani aliyetaka kubadilisha tangi alilazimika kugeuka mwili mzima, na ukigeuka hivyo ni rahisi mguu kukanyaga kikanyagio cha usukani bila kukusudia. Wachunguzi walihusisha ajali ile na swichi hiyo. Mjenzi alifanya badiliko, akauza, mtu mwingine akalilipia.

Kwa hiyo, kabla hamjafunga rafu mpya, ketini kwenye kiti mkiwa mmejifunga mikanda, mizigo ikiwa imejaa nyuma yenu na pembeni mwenu. Je, mkono unafika kwenye swichi ya mafuta? Kiti kinarudi nyuma kama zamani? Fimbo inafika mwisho wake pande zote, na kiwiko hakigusi begi? Redio ya dharura na betri mtavifikiaje kwa ukaguzi? Mkilazimika kutoka upesi, mtatoka?

Uzito wote niuseme kwa ufupi, kwa sababu marubani waliopo hapa wanaujua vizuri, lakini niuseme kwa ajili ya jiografia yetu. Hapa Tanga tunaruka karibu usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha upo kwenye mita 1,400 hivi. Kwa makadirio yanayotumiwa na marubani wa ndege ndogo, uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kuruka huongezeka kwa takriban asilimia 20, na kila futi 1,000 za mwinuko huongeza asilimia 10 nyingine, na kila nyuzi 10 za joto huongeza asilimia 10 tena. Ndege iliyoondoka hapa kwa raha huku imejaa, kule Arusha adhuhuri itahitaji njia ndefu kwa nusu nzima na zaidi. Chumba kipya cha mizigo hakiongezi hata kilo moja katika uzito wa juu alioruhusu mbunifu. Mkiongeza mabegi, punguzeni mafuta, au punguzeni mtu. Hakuna njia ya tatu, na tafadhali msiibuni.

Baada ya kazi kumalizika, ndege hiyo si ile tena. Nchini Marekani, ambako mtu akijenga sehemu kubwa ya ndege kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha hupewa cheti cha majaribio, badiliko kubwa huirudisha ndege katika kipindi cha majaribio kwa muda usiopungua saa 5, bila abiria. Kwetu, ndege zenye herufi zinazoanza na 5H zipo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na nawasihi mwende kwao na michoro yenu kabla ya kukata, si baada ya kukata. Kumweleza mkaguzi unachokusudia kufanya ni rahisi kuliko kumweleza ulichokwisha kufanya.

Na majaribio yenyewe yafanyike kwa utaratibu wa subira. Chukueni mifuko ya mchanga iliyopimwa kwa mizani, ifungeni kwenye chumba kipya kama mtakavyofunga mizigo. Rubani awe peke yake. Anzeni na kilo chache, kitovu kikiwa mbele kabisa ya mpaka wa nyuma, mruke asubuhi hewa ikiwa tulivu, mpande juu vya kutosha, mjaribu mwendo mdogo, mwone fimbo ina uzito gani mkononi na kama ndege inarudi yenyewe ikiachwa. Tueni, andikeni. Ongezeni kidogo, rudieni. Siku fimbo ikianza kuwa nyepesi kuliko mlivyozoea, simameni hapo, hata kama karatasi inasema bado kuna kilo kadhaa. Kisha kiwango mlichokithibitisha kiandikwe kwenye kibandiko juu ya mlango wa chumba chenyewe, kwa kilo, kwa herufi ambazo mtu atakayeinunua ndege hii miaka mingi ijayo ataweza kuzisoma, na jedwali jipya la uzito liwekwe ndani ya ndege badala ya lile la zamani.

Nimeambiwa kwamba baadhi yenu mmekuja na michoro. Tutaitandaza kwenye zile meza mbili za nyuma baada ya chai. Nitaomba kila mmoja aje na takwimu tatu: uzito wa ndege tupu, kitovu chake kilipo, na umbali wa chumba anachotaka kukiongeza. Asiye na takwimu hizo asione haya. Mizani tatu zipo hapa, na vijana wa chuo wamekubali kutusaidia kupima kesho asubuhi. Nani ana swali?